Spidi ya kurekodi mkanda wa VHS: unapata saa, unapoteza nini?

Kabla ya kubonyeza kitufe cha kurekodi, angalia kwanza deki (mashine ya kurekodi na kucheza mikanda ya video) iko spidi gani: SP ni spidi ya kawaida, LP ni ya polepole, na EP ni ya polepole zaidi. Kwenye NTSC, mfumo wa televisheni ya analogi uliokuwa ukitumika Marekani na Japani, mkanda wa T-120 (dakika 120 kwa SP) unachukua saa 2 kwa SP, 4 kwa LP na 6 kwa EP. Deki nyingi za PAL, mfumo mwingine wa televisheni ya analogi, zina SP na LP tu, na mkanda wa E-180 unatoa saa 3 au 6. Usichanganye herufi T (mikanda ya NTSC) na E (ya PAL): PAL huvuta mkanda milimita 23.39 kwa sekunde kwa SP, NTSC 33.35, ndiyo maana T-120 ukiitia kwenye deki ya PAL itakwenda karibu saa 3.

Wengi hudhani silinda inayozungusha vichwa vya kuandika na kusoma picha nayo hupunguza mwendo spidi ikishushwa. La. Inazunguka mara 1,800 kwa dakika (PAL 1,500) kwa spidi yoyote ile. Kinachopungua ni upana wa njia ambayo kichwa huandika picha: kwa NTSC ni mikromita 58 kwa SP, lakini 19 tu kwa EP. Njia ikiwa nyembamba, mawimbi yanayosomwa ni dhaifu, chenga zinaongezeka na rangi inatetemeka, nyekundu hasa. Tena njia hizo ni ngumu kufuatwa na deki nyingine. Ukiona ukanda wa chenga, zungusha trekingi (kirekebishi kinachosaidia vichwa kufuata njia) taratibu mpaka utoke nje ya picha. Ukigoma, rudi kwenye deki iliyorekodi.

Sauti ya kawaida ndiyo inayoumia zaidi, kwani huandikwa ukingoni na kichwa kisichozunguka: kwa EP mkanda hupita milimita 11 tu kwa sekunde, na sauti nyembamba za muziki zinapotea. Sauti ya Hi-Fi (ya ubora wa juu, kwa deki zilizo nayo) haiathiriki hivyo, huandikwa na vichwa vya silinda.

Kipindi kikizidi saa 2 kidogo, nunua T-160 urekodi kwa SP badala ya kushuka EP. Utando wake ni mwembamba, kwa hiyo usiusimamishe kwenye picha moja muda mrefu. Usibadilishe spidi katikati ya mkanda pia. Picha itavurugika kwa sekunde kadhaa pale inapobadilika. Wakati wa kucheza huna haja ya kuchagua chochote, deki hutambua spidi yenyewe.