Jibu: Toa mkono kwenye kibodi! zpool add haikupi kioo

Kakangu wa Malindi, hiyo amri usiipige. Salamu baadaye.

Umeandika una seva ya gesti, mfumo wa FreeBSD 13, diski moja ya terabaiti 2 yenye bwawa la ZFS uliloliita data (ZFS ni mfumo wa kuhifadhi mafaili, na bwawa ni hifadhi inayoundwa na diski moja au zaidi). Umenunua diski ya pili, na kesho asubuhi unataka kupiga zpool add data ada2 (ada2 ni jina la hiyo diski mpya) "ili moja ikifa nyingine ibebe", yaani unataka kioo: vitu vilevile kwenye diski zote mbili. Haitabeba. Yoyote kati ya hizo mbili ikifa, inaondoka na mwenzake. Nakwambia mimi niliyezika.

Mimi ni mpiga picha hapa Amu, yaani Lamu. Kazi yangu kubwa ni kupamba, na kwa wasiojua mila za huku, kupamba ni shughuli ya wanawake watupu. Buibui zinavuliwa mlangoni, bibi harusi anakaa juu na hina yake na dhahabu yake, na mwanamume hasogei. Picha zile haziendi popote. Mama mtu anakushika mkono anakuapisha kabisa: zisitoke studio. Kwa hiyo wale mtakaokuja hapa chini na "mbona hukuziweka mtandaoni, dada", jibu mmeshalipata, pumzikeni.

Basi kila kitu kilikaa kwenye kisanduku kimoja cha mtumba, kilichovuka na boti kutoka Mokowe na kupandishwa punda mpaka Langoni. FreeBSD aliniwekea binamu yangu kabla hajasafiri kwenda Omani kutafuta riziki. Aliniachia diski ya terabaiti 1 na wosia mmoja: tafuta ya pili, uzifanye kioo. Nikadunduliza, nikanunua. Binamu siku hizo hashiki simu. Nikapewa namba ya fundi wa Mombasa, simtaji, ila akisoma hapa atajijua kwa kuwashwa masikio.

Huyu bwana nilimweleza vizuri, kwa Kiswahili: nataka picha ziwe mahali pawili. Akapokea shilingi 1,500 kwenye M-Pesa, akanitumia mstari mmoja kwa WhatsApp. zpool add, jina la bwawa, jina la diski. Na kidole gumba.

Nikapiga Enter. Ikarudi sekunde ile ile, kimya, bila neno. Nami nikasema, mashallah, fundi huyu.

Hebu fikiri. Nilikuwa na gigabaiti 600 za picha. Gigabaiti 600 zinakilishwa diski ya pili kwa sekunde moja? Hata punda wa Langoni aliyeona kiboko hafiki Mkunguni kwa sekunde moja! Amri ya kioo nayo hurudi upesi, lakini kunakili kwenyewe kunaendelea kwa saa kadhaa. Ukipiga zpool status unaona imeandikwa resilver in progress, na asilimia inapanda taratibu kama maji kujaa. Mimi sikuona kitu, nikadhani ndiyo ufundi.

Kilichotokea ni hiki. add haiongezi mlinzi, inaongeza nafasi. ZFS inachukua diski mpya na kuiunga kando ya ile ya zamani kama chumba cha pili cha nyumba moja, halafu inaanza kutawanya vitu humu na humu. Habari za wapi kumewekwa nini nazo zinatawanywa. Chumba kimoja kikianguka, nyumba haifunguki. Na usitegemee itakuonya. Kama tayari ungekuwa na kioo halafu ukaongeza diski moja pekee, ingegoma mpaka uilazimishe kwa -f. Lakini wewe, kama mimi, una moja na unaongeza moja. Kwake hujakosea popote. Umeomba nafasi, imekupa nafasi.

Amri uliyokuwa unaitaka ni attach, na inataka majina mawili ya diski: kwanza iliyopo, kisha mpya. zpool attach data ada1 ada2, kama iliyopo kweli ni ada1. Ukijikuta umetaja diski moja tu, simama, umeshapotea njia.

Na dalili zilikuwepo! Hili ndilo linaloniuma. Nilikuwa na diski mbili za terabaiti 1 na zpool list ikanisomea karibu 1.8. Nikafurahi, wallahi. Nikamwambia dadangu, "tazama, nafasi imeongezeka." Kioo hakiongezi nafasi hata chembe, kingebaki palepale kwenye 0.9. Nilisherehekea msiba wangu kwa mahamri na chai ya maziwa.

Nikakaa hivyo miezi saba. Katika siku yoyote ya miezi ile, lau ningetazama na kuelewa, kuna zpool remove. Kwenye bwawa la diski mojamoja kama letu, lisilo na raidz (mpangilio mwingine wa ZFS wa diski nyingi), ingehamisha vitu kutoka diski mpya na kuvirudisha kwenye ya zamani, nafasi ikitosha. Ningeanza upya na attach, na leo ningekuwa nimelala. Lakini remove inataka diski zote ziwe hai. Maiti hahamishi vyombo.

Diski mpya ilikufa Shaaban, harusi zimefululiza. Stima ilikatika na kurudi mara tatu usiku mmoja, na hewa ya huku yenye chumvi unaijua mwenyewe inavyokula chuma. Asubuhi nasikia tik, tik, tik. zpool status ikaniandikia UNAVAIL, insufficient replicas. Nikamtumia fundi. Unajua alijibu nini? "Si ungeweka bakapu, dada." Yaani mtu niliyemlipa kwa ajili ya usalama wa picha ananiuliza usalama wa picha uko wapi! Nikampigia, hakupokea. Kidole gumba chake bado kipo kwenye simu yangu, sijakifuta.

Harusi kumi na nne, kakangu. Mafundi wa kufufua diski wa Nairobi walinitajia bei ambayo ningenunua punda na shogi lake na mtu wa kumwongoza. Nilienda nyumba baada ya nyumba kuomba radhi. Mama mmoja hakunigombeza. Aliniuliza tu kama ile picha ya bibi yake mzaa mama akimfunga mwanawe kikuba cha asumini nayo imekwenda. Bibi alikuwa ameshafariki. Nikasema ndiyo, imekwenda. Akanimiminia kahawa. Bora angenitukana.

Kwa hiyo sheria yangu ni moja, na nitaisema mpaka wasimamizi wanifukuze: KAMA HUJALIONA NENO mirror KWA MACHO YAKO KWENYE zpool status, HUNA KIOO. Linatakiwa liwe limeandikwa mirror-0, na diski zote mbili zimeingia ndani chini yake kama vifaranga. Ukiona diski mbili zimejipanga sawasawa chini ya jina la bwawa bila neno hilo, ni msiba unaosubiri siku. Na kama kidole kinakuwasha na lazima uandike add, iandike na -n kwanza. Itakuonyesha bwawa litakavyokuwa bila kugusa kitu. Herufi moja. Bure. Shilingi 1,500 zangu hazikunipatia herufi hiyo.

Umeuliza pia upande FreeBSD 14 kabla au baada ya kuweka kioo. Baada. Ukishapanda, status itakubembeleza upige zpool upgrade. Usiipige kwenye bwawa unalowashia mashine kabla hujasasisha kiwashio (bootloader, programu inayoiwasha mashine), na ujue hairudi nyuma. Na kama data ndilo hilo hilo la kuwashia, basi diski mpya inataka kugawanywa sehemu (partition) kama ya zamani kwanza na kuwekewa kiwashio chake. Hapo usiende kwa kubahatisha.

Kulikuwa na swali la Wi-Fi na jingine nimelisahau. Wi-Fi mimi nilivuta waya.

Niwekee hapa zpool status na zpool list zako kama zilivyo leo, kabla ya kugusa chochote, na namba za utambulisho (serial) za diski zote mbili ili tujue ipi ni ipi. Nina kupamba baada ya isha, lakini nikirudi nitafungua huu uzi kwanza, hata viatu sijavua.