Umeolewa? Ngoja giza liishe

Mhariri, swali lenu la wiki liliuliza kwa nini mikoa mingine ina watoto wengi wanaozaliwa na mama wasioolewa kuliko mingine, na sisi wa Kanda ya Ziwa tumesimama wapi. Nimefanya kazi ya unesi miaka thelathini na ushee, mingi kwenye zahanati za visiwani Ukerewe, kabla ya kustaafu na kuhamia Igoma hapa Mwanza. Kabla hamjaipanga mikoa kwenye mstari, ulizeni kwanza neno "ameolewa" lina maana gani kila mahali. Kwa niliyoyaona, nusu ya tofauti hiyo imo kwenye neno lenyewe.

Siku moja alikuja binti wa miaka kama ishirini, mimba ya miezi mitano, kanga inanuka dagaa.

"Mumeo anaitwa nani, mwanangu?"

Akacheka. "Mayu, unamuuliza mume au baba wa mtoto?"

"Wote wawili."

"Baba wa mtoto yuko kisiwani Goziba. Huyo mwingine, giza likiisha nitajua kama ni mume."

Kwa msomaji wa bara nifafanue. Dagaa wa ziwani huvuliwa kwa taa, usiku usio na mwezi. Siku hizo ndizo wavuvi wanaziita giza, na wakati huo hakuna mwanaume anayelala nyumbani. Mbalamwezi ikitoka wanapumzika, wanagawana hesabu na tajiri mwenye mtumbwi, halafu wanaangalia samaki wamehamia wapi. Wakisikia dagaa wamekolea upande wa Kagera, kambi nzima inahama. Kijana anafika mwalo mpya, yaani ufukwe wanakoshushia samaki, na begi moja. Kuna dada anaanika dagaa pale au anauza chakula, naye anampikia kwa mkopo mpaka hesabu itoke. Wiki ya tatu begi linahamia chumbani kwa dada. Hiyo ndiyo sogea tukae ya mwaloni. Hakuna mshenga, barua ya posa wala ng'ombe, na mimi siwezi kuiita uhuni, kwa sababu wapo niliowaona wamekaa hivyo miaka kumi na minne na watoto sita. Wengine begi liliondoka kabla hata mimba haijaonekana.

Sasa huyo binti mnamweka safu gani? Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema mwanaume na mwanamke wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi, na watu wakawachukulia kama mke na mume, inakuwepo dhana kwamba wameoana, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kwa hiyo kuna wanawake wengi mwaloni wanaojiita "sijaolewa" ambao mahakama ingewaambia wameolewa. Wapo pia wanaojiita "nimeolewa" na begi halijamaliza mwezi.

Ukitoka ziwani ukaingia Kwimba au Magu ndani, kwa Wasukuma wenye ng'ombe, mambo yanabadilika. Kule ndoa ni mahari. Binti akizalia nyumbani, mtoto ni wa babu yake mzaa mama, analelewa, na mara nyingi wala halionekani jambo la kumficha mtu uso. Lile Tangazo la sheria za mila la 1963, lililowahusu makabila yanayofuata ukoo wa baba, lilimruhusu mwanaume kumhalalisha mtoto kwa kumlipa baba wa msichana shilingi 100 kabla mtoto hajaachishwa ziwa. Shilingi mia! Siku hizi hainunui hata fungu la nyanya.

Nenda Tarime utachanganyikiwa zaidi. Wakurya wana nyumba ntobhu: mama asiyejaliwa mtoto, mara nyingi mwenye umri, anatoa ng'ombe na kumuoa mwanamke mwenzake, naye huyo anazaa na mwanaume waliyemkubali. Watoto ni wa nyumba ile. Karani wa takwimu akiuliza "mume yuko wapi?", jibu sahihi ni kwamba mume ni bibi yule aliyekaa chini ya mti.

Takwimu nazo zina hila yake. Utafiti wa afya wa 2022 ulionyesha asilimia 22 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 wamewahi kupata mimba, kutoka asilimia 27 za 2015/16. Songwe ilifika 45. Watu wakisoma namba hizo wanafikiria mimba za nje ya ndoa, kumbe humo wamo na walioolewa. Mwaka 2010 Shinyanga iliongoza nchi kwa ndoa za utotoni: asilimia 59 ya wanawake wa miaka 20 hadi 24 walikuwa wameolewa kabla ya kufikisha 18. Maana yake mtoto wa miaka 16 mwenye mimba, akishatolewa ng'ombe, anahesabiwa mke wa mtu na mkoa unapumua. Mwalimu wa miaka 28 wa Dar es Salaam aliyeamua kuzaa bila kuolewa ndiye anaitwa tatizo. Mimi nimewazalisha wote wawili, na yule mwalimu hakunikosesha usingizi hata siku moja.

(Mjukuu wangu alinisomea kwenye simu kwamba Ujerumani nako, upande uliokuwa Mashariki bado una watoto wengi zaidi wa nje ya ndoa kuliko Magharibi, zaidi ya miaka thelathini tangu waungane. Kwa hiyo si Afrika peke yetu.)

Kuna jambo lingine ambalo sisi wa kliniki tulilitengeneza wenyewe, na naona aibu kidogo kulisema. Tulipoanza kuhimiza mama aje kliniki na mwenza wapime wote, sehemu nyingi ushauri uligeuka amri. Asiye na mwenza aliambiwa alete barua ya mwenyekiti wa kijiji. Fikiria binti huyo anaenda kwa mzee wa watu kuomba karatasi ya kuthibitisha kwamba aliyempa mimba ameshapanda mtumbwi akaenda zake. Wengi waliona heri walipe. Nikaanza kuona wanaume kliniki, nikafurahi, mpaka asubuhi moja nilipomtambua kijana mmoja wa bodaboda, jaketi lilelile, akiwa mume wa mama wa pili wiki ileile. Nikamuuliza, "Baba, leo umeoa tena?" Akainama: "Nesi, nimelipwa elfu tano na mafuta."

Niliwapa namba wote watatu, kijana na wake zake wawili, na daftari likasema wana wenza. Lilienda wilayani likiwa hivyo.

Yule binti wa kanga ya dagaa nilimwandika "anaishi na mwenza", kwa kuwa mbalamwezi ilipotoka yule mwingine alirudi kweli, akaja naye, akapima. Alipomleta mtoto kupima uzito mwezi wa tatu alikuwa peke yake. Nikatazama nilichoandika. Nikamuuliza kama giza limeanza. Akasema, "Mayu, safari hii giza halijafika," akamweka mtoto kwenye mzani.