Mvinyo wa Ugiriki: nianzie wapi?

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni mwongoza watalii hapa Moshi. Mgeni wangu amenialika Ugiriki mwezi Agosti. Nimezoea mbege na mvinyo wa Dodoma tu. Huko nionje nini?

JIBU: Marahaba mwanangu. Ukifika Athens, panda meli uende kisiwa cha Santorini. Agosti ndipo wanavuna. Mimi nilipofika nilidhani mizabibu imekatwa yote, hakuna hata mmoja uliosimama. Kumbe imelala chini, matawi yamesukwa duara kama tenga la ndizi, zabibu zimejificha ndani zisipigwe na upepo. Nilichuchumaa nikashika udongo: majivu na mawe mepesi ya volkano. Zabibu hiyo ni Assyrtiko. Mvinyo wake ni mweupe, mkavu (yaani hauna utamu), mkali kama ndimu, na una chumvichumvi kwa mbali. Kunywa na samaki wa kuchoma.

Ukitaka mwekundu, eneo la Nemea wana zabibu ya Agiorgitiko, mvinyo wake laini kabisa. Zabibu ya Xinomavro ya Naoussa, kule kaskazini, mvinyo wake unabana ulimi kama ndizi mbichi. Uambatane na nyama.

Usiikatae retsina. Ni mvinyo unaotiwa utomvu wa msonobari, na wageni wengi huikimbia kwa harufu yake. Mimi nilikumbuka gome la msesewe linaloipa mbege yetu uchungu, nikaomba glasi ya pili.

Viwanda vidogo vipigie simu kabla hujaenda. Mwenye shamba akijua unakuja, atakutembeza mwenyewe.