Njiti hafi kwa udogo wake

Watu wakija kukupa pole watakwambia, "Alikuwa mdogo mno." Mimi niliambiwa hivyo tulipomzika Kulwa. Watoto wangu pacha walizaliwa njiti, mimba ikiwa na wiki 27, na aliyeondoka ndiye aliyekuwa mzito zaidi. Tangu hapo jibu hilo silitaki. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba katika nchi maskini, zaidi ya watoto 9 kati ya 10 wanaozaliwa kabla ya wiki 28 hufa siku za mwanzo. Katika nchi tajiri hawafiki hata 1 kati ya 10. Udogo ni uleule. Kinachowaua kina majina, na mama mwenzangu uliyeko wodini unapaswa kuyajua.

La kwanza ni pumzi. Mapafu yao bado hayana ute wa kutosha wa kuzuia vijifuko vya hewa visishikane, kwa hiyo kila pumzi inakuwa ya kupigania. Daktari Mary Ellen Avery wa Marekani alilibaini hilo mwaka 1959. Mwaka 1963 mtoto wa Rais Kennedy alizaliwa takriban wiki tano na nusu kabla ya wakati, akafa kwa tatizo hilohilo bila kufikisha siku mbili. Urais wa baba haukumfaa kitu. Leo zipo sindano za kukomaza mapafu, ila anayechomwa ni mama, tena kabla hajajifungua. Kwa hiyo ukisikia uchungu mapema, au chupa ikipasuka, usingoje kukuche na usianzie duka la dawa. Nenda hospitali yenye wodi ya watoto wachanga mtoto akiwa bado tumboni. Kumhamisha akishazaliwa ni hatari zaidi.

Baridi nayo huua, hata hapa Dar tunapotokwa jasho. Njiti hana mafuta ya kutosha mwilini. Kumbeba kifuani ngozi kwa ngozi, yaani kangaroo, kulianzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978 kwa sababu mashine za joto hazikutosha. Lakini usidhani ni tiba ya wasio na mashine. Utafiti uliotoka 2021, uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa Tanzania, ulionyesha kuwa kuanza mara tu baada ya kuzaliwa kunapunguza vifo kwa robo kwa watoto wa kuanzia kilo moja hadi chini kidogo ya kilo 1.8. Wa chini ya kilo, kama Doto wangu, muulize daktari ni lini utaruhusiwa, na uulize tena kesho. Baba naye ana kifua, asikae nje akiongea na simu.

Kulwa alichukuliwa na maambukizi ya damu. Njiti mwenye maambukizi huenda asipate homa. Anaweza kulegea, akawa wa baridi, tumbo likavimba, maziwa yakabaki tumboni, au akasahau kupumua. Wewe uliyemtazama tangu alfajiri unaweza kuona badiliko kabla ya nesi mwenye watoto wengi wa kuwaangalia. Sema, hata kama umeshasema. Vua pete na bangili, nawa hadi kwenye viwiko, na mwenye mafua asimguse, awe mama mkwe au nani.

Kuhusu maziwa, kamua kila baada ya saa tatu, usiku pia. Yale ya mwanzo ya njano yakitoka matone tu usiyadharau, manesi watampa kwa mpira. Maziwa ya mama hupunguza hatari ya utumbo kuoza, ugonjwa unaowaandama njiti kuliko watoto wengine; ya kopo hayana kinga hiyo. Damu kuvuja kwenye ubongo mara nyingi haina dalili za nje, hivyo uliza kama atapigwa utrasaundi ya kichwa. Uliza na tarehe ya kupimwa macho, maana oksijeni iliyozidi inaweza kuyaharibu, na mkisharudi nyumbani ni rahisi kusahau.

Kwa aliyeajiriwa Tanzania: marekebisho ya sheria za kazi ya 2025 yanampa mama wa njiti likizo ya ziada kufidia wiki zilizobaki kufikia 40. Hakikisha karatasi za hospitali zimeandikwa wiki za mimba, si uzito peke yake, kisha zipeleke kwa mwajiri mapema.