Kabla hujaiamini ramani ya joto, kayaangalie mabati

Ramani yangu ya kwanza ya joto la Dar es Salaam, niliyoitengeneza kwa picha za setilaiti, ilikuwa na madoa ya bluu kando ya Barabara ya Nyerere, katikati ya wekundu mtupu. Nikaandika kwamba pale pamepoa, huenda pana miti. Wiki iliyofuata nilikwenda kwa miguu. Mti sikuuona. Nilikuta maghala yaliyoezekwa mabati mapya yanayometameta, na ndani wapagazi wamevua mashati, jasho linawatiririka.

Chuma kinachong'aa hutoa mionzi michache ya joto hata kikiwa kinaunguza. Setilaiti haina mkono wa kukigusa. Inapokea mionzi hiyo tu, na ikipata kidogo, hesabu inasema paa ni baridi. Bati likishapata kutu linaonekana la moto zaidi. Kwa hiyo ukilinganisha mtaa wa mabati mapya na wa mabati ya zamani, unaweza kuwa unapima umri wa paa. Mimi sasa kila doa la baridi nalifungua kwanza kwenye picha ya rangi ya kawaida, kisha nakwenda.

Jambo jingine ni saa. Setilaiti za Landsat 8 na 9 hupita Dar mnamo saa nne na nusu asubuhi, wakati kuta za matofali ya saruji ndiyo kwanza zinaanza kunyonya jua. Joto linalomnyima mtu usingizi Manzese ni la usiku, kuta zinapolirudisha. Tafuta picha za ECOSTRESS, kifaa cha kupima joto la uso wa ardhi kilichopo kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu tangu 2018. Chenyewe hupita saa tofauti tofauti, hata usiku. Masika usijisumbue, mawingu yatakumalizia muda.

Kwenye data za joto za Landsat zilizokwisha kuchakatwa, chukua namba ya kila nukta ya picha, zidisha kwa 0.00341802, jumlisha 149, toa 273.15, utapata nyuzi za Selsiasi. Hizo ni za paa na lami, si za hewa ya chumbani.

Ndiyo maana nakusihi ununue vipimajoto vichache. Piga hodi kwa mwenyekiti wa mtaa, omba ruhusa ya wenye nyumba, vitundike ndani, usawa wa kichwa, mbali na jiko. Ukiwa huko pima na upana wa vichochoro. Na uliza familia inaingia kulala saa ngapi. Nyumba moja niliambiwa watoto hubaki barazani hadi saa sita usiku.