Petroli yenye ethanoli kwenye gari la zamani: anza na mipira ya mafuta

Kilichonishtua kwanza ni harufu. Gari langu la mwaka 1968 lilikuwa limelala miezi mitano, na nilipofungua boneti petroli ikanipiga puani kabla sijagusa kitu. Nikashika mpira unaopeleka mafuta kwenye kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa. Ulikuwa umelainika kama chingamu. Nilipoukunja kidogo nyufa zikafunguka, tone likaning'inia juu kabisa ya bomba la ekzosi. Kama injini ingekuwa ya moto, gari lingeweza kuungua.

Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza kama E10, yaani petroli yenye ethanoli (aina ya pombe) hadi asilimia 10, itaharibu gari lake la zamani, namuuliza kwanza mipira yake ina umri gani. Mipira ya enzi zile haikutengenezwa kukaa ndani ya pombe. Inavimba, halafu ikikauka inakakamaa na kupasuka. Badilisha yote kwa mkupuo mmoja, pamoja na diaframu (utando unaosukuma mafuta) ya pampu na sili za kabureta. Usiridhike kuambiwa "huu ni wa petroli". Tafuta maandishi SAE J30 R9, alama ya mpira unaostahimili ethanoli, ubavuni mwa mpira wenyewe.

Adui wa pili ni maji. Ethanoli hunyonya unyevu wa hewani, na tangi lililo nusu lina hewa tele. Maji yakizidi, ethanoli huachana na petroli, ikazama pamoja na maji hadi chini, pale pale bomba linaponyonyea. Kwenye bakuli la kabureta yangu nilikuta unga mweupe umeganda, na jeti, kile kijitundu kinachopimia mafuta, imeota ukijani hadi tundu halionekani. Ilinichukua jioni nzima kuisafisha. Kwa hiyo gari likikaa zaidi ya mwezi, lijaze tangi pomoni au limwage kabisa, na uache injini imalize mafuta ya kwenye kabureta. Ukipata petroli isiyo na ethanoli, itumie kabla ya kulilaza gari. Dawa za kuongeza kwenye mafuta husaidia dhidi ya kutu, lakini mpira uliochoka haziuponyi.

Beba filta ya akiba pia, maana ethanoli hung'oa uchafu wa miaka uliolala kwenye tangi.

Kuhusu nguvu, tofauti niliyoiona ni ndogo. Ila ethanoli ina oksijeni ndani yake, na kabureta haijirekebishi yenyewe, hivyo injini inaweza kukosa mafuta ya kutosha. Gari likikohoa unapokanyaga na plagi zikitoka nyeupe, panda saizi moja ya jeti. Mimi nilifanya hivyo, kukohoa kukaisha.

Mwenye pikipiki ya zamani yenye tangi la faibaglasi, tafadhali usijaribu hata lita moja. Ethanoli huyeyusha gundi ya tangi hilo, nayo huenda kunata kwenye valvu.