Tomsoni na makayabo: kwa wanaoanza kuuza samaki Lubumbashi

Wadogo zangu mnaotaka kupanga meza ya samaki soko la Kenya (ile komini ya hapa Lubumbashi, si nchi), msianze na kuuliza bei. Ulizeni kwanza: samaki huyu mafuta yake yako wapi?

Tomsoni, yule samaki wa baharini ambaye kwa Kifaransa ni chinchard na Kinshasa wanamwita mpiodi, anavuliwa Namibia, kwenye mkondo wa bahari wa baridi wa Benguela. Anatufikia ameganda katonini, zaidi ya kilomita 2,000 kwa lori toka bandari ya Walvis Bay mpaka mpakani Kasumbalesa. Ni samaki wa mbio, anaishi makundi makundi, na mafuta yake yamo ndani ya nyama. Mpasue mmoja: chini ya ngozi utaona ukanda wa nyama nyekundu iliyokolea mpaka mkiani. Hiyo ni misuli ya kuogelea bila kupumzika. Ndiyo utamu wake juu ya makala (makaa ya moto), na ndiyo hasara yako, maana mafuta yale huchacha hata kwenye barafu akikaa sana. (Na yale magamba magumu ya ubavuni ni msumeno. Yaparue kuanzia mkiani, la sivyo vidole vitakwisha.)

Mwaka wangu wa kwanza umeme ulikatika siku mbili. Samaki wakalegea, umeme ukarudi, wakaganda tena, nikauza. Hawakunuka hata kidogo. Jioni mama mmoja, mteja wangu, akaja uso umemwiva, ngozi inamwasha, kichwa kinamgonga. Alidhani amerogwa. Kumbe samaki wa aina hii akipata joto, bakteria hutengeneza histamini, sumu inayoleta dalili kama za mzio, ndani ya nyama, na histamini haiondoki kwa kukaanga. Nilimrudishia faranga zake. Hakununua kwangu tena.

Tangu siku hiyo nagandisha kikombe cha maji, naweka msumari juu ya barafu, nakiacha frijini. Asubuhi nikikuta msumari umezama, najua usiku mambo yaliyeyuka, hata kama sasa kila kitu ni jiwe.

Makayabo, samaki wa kukaushwa kwa chumvi, ni mtu mwingine kabisa. Ni morue (chewa, kwa Kiingereza cod), au ndugu zake, wa Atlantiki ya kaskazini. Morue hukaa karibu na sakafu ya bahari, ana mapezi matatu mgongoni na kinyama kidogo kidevuni kama ndevu moja. Ndevu hiyo msiitafute sokoni, anafika bila kichwa. Mafuta yake yamo kwenye ini, yale tuliyonyweshwa kwa kijiko utotoni. Nyama yenyewe haina mafuta hata asilimia 1, na ini likishatolewa, cha kuchacha hakipo. Ndiyo maana anavumilia na chumvi yake.

Adui yake ni mvua. Hewa ikipita asilimia 75 ya unyevu, chumvi inaanza kunyonya maji, na Desemba hapa kwetu unakuta samaki anatoka jasho mezani. Baadaye madoa ya waridi: vijidudu vipendavyo chumvi. Wapo wanaopangusa na kuuza. Mimi natupa. Pangeni juu ya mbao, si sakafu ya simenti, wala msifunge ndani ya plastiki.

Mwenye mtaji mdogo aanze na makayabo wakati wa kiangazi. Tomsoni mchukue katoni moja asubuhi, ikiisha saa nane mchana, nenda nyumbani ukapike bukari, yaani ugali.